Rangi Nyekundu Juu ya Ikoni

Siku hizi watu wa Moroni wanapanda msituni kwa miguu bila sababu. Nasema bila sababu kwa maana hawaendi kukata kuni, hawaendi shamba, hawamtafuti ng'ombe aliyekata kamba. Wanateremka kwenye teksi Jumapili asubuhi wamevaa viatu vya meno, chupa za maji mgongoni, wanapanda mpaka kwenye ukungu, wanatazama huku na huku, wanashuka. Wanasema wamekwenda kupumua. Sawa, wapumue. Anayewaongoza ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, na mimi sioni haya kusema kwamba hakuna mwanamume kuanzia Ikoni mpaka mdomo wa volkano ya Karthala anayeujua msitu ule kama yeye. Anapanda kama mbuzi. Wageni wenye miguu mirefu kama ngazi wanamwomba apunguze mwendo.

Ni yeye aliyenitia katika kazi hii ya kuandika. Alikuja na matope mpaka magotini, akakaa kizingitini.

"Koko," akasema, ndivyo wajukuu wanavyotuita mabibi huku, "watu wananiuliza kwa nini njia inagawanyika pale juu. Moja pana, moja ya kupita kwa ubavu. Niwaambie nini?"

"Waambie ile pana walifyeka mamluki."

"Na ile nyembamba?"

"Ile ni mpaka wa ardhi ya mama yangu, na karibu niipoteze kwa ujinga."

"Basi andika, maana mimi siwezi kulieleza hilo huku napanda."

Naandika. Shule yangu ni chuo cha Kurani peke yake. Kiswahili nimekipata kwa mume wangu aliyezaliwa Unguja, na herufi nimezifukuzia ukubwani kwenye madaftari ya wanangu. Atakayeona kosa alirekebishe mwenyewe aendelee.

Mimi nilikuja visiwani Komoro mwaka 1977, pamoja na wenzangu wote tuliotolewa Majunga, Madagaska, kwa damu. Ya Majunga sitaeleza. Kila nyumba yetu inayo yake. Nilikuja na mume, mabinti watatu na sufuria moja. Watu wa hapa walitupa jina la ile ndege iliyotuleta, kana kwamba mama zetu walituzaa angani. Mama yangu mimi alizaliwa Ikoni, hapo kusini mwa Moroni, akapelekwa Madagaska angali kijana, akafia huko. Kwa hiyo nilikuwa narudi kwetu, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga.

Mume wangu akapata kazi ya kubeba magunia katika bandari ya Mutsamudu, basi tukavuka kwenda kisiwa cha Ndzuani, tukapanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mwanamke mmoja, ndani kabisa ya vichochoro vya mji.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasomaji wa mbali. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ndiye anayehamia. Msichana anajengewa na watu wake, mume anaingia na nguo zake, na siku wakishindwana anatoka na nguo zake. Mwanamke anayekaa katika chumba alichopanga mumewe ni kama gunia lililoachwa gatini. Watu wanalipita, wanauliza la nani. Nami nilikuwa na mabinti watatu. Magunia madogo matatu nyuma yangu.

Mwenye nyumba hakuwa mbaya, ila alikuwa na mdomo.

"Mama watoto, kwenu wapi?"

"Ikoni."

"Una nyumba Ikoni?"

"Sina."

"Una shamba?"

"Bado."

"Basi usiniambie Ikoni. Kwenu ni hapa kwenye ukuta wangu, na usiuchafue kwa moshi."

Sikuwa natulia. Nikikaa, miguu inaniwasha. Nikilala, naona mlango usio wangu. Asubuhi mume akishaondoka kwenda bandarini, naacha watoto kwa jirani, nachukua panga, nafuata mto kwenda juu, napita mwisho wa nyumba, napita mikarafuu ya watu, napanda mpaka pale ambapo mji wa Mutsamudu unaonekana kama paa moja kubwa lililopasuka. Nilisema nakwenda kukata kuni. Nilirudi na kuni za nyumba tatu.

"Unapika nini wewe," mwenye nyumba akauliza, "ng'ombe mzima?"

Nikazitua kuni. Sikujua kwamba nilikuwa nazifundisha miguu kazi.

Mwaka uliofuata, 1978, wale wazungu wa kukodiwa waliteremka Moroni, serikali ikaanguka, ikaja nyingine, na sisi tukasikia redioni kama watu wote. Baada ya hapo ukawaona wenyewe, wamevaa nguo nyeusi, na vijana wetu wa visiwani wamevalishwa nguo nyeusi vilevile, wanakimbia barabarani wakiimba. Tulinyamaza. Kunyamaza tulikwisha kujifunza Majunga.

Habari ya ardhi ililetwa na mwanamke wa Ikoni aliyekuja na meli kuuza vitambaa. Alinitafuta mpaka akanipata.

"Mjomba wako anakuita," akasema. "Anataka kuwaonyesha mabinti wa ukoo sehemu zao za manyahuli, kabla magoti yake hayajagoma. Usipokuja sasa, usije kulia baadaye."

Manyahuli ni ardhi ya upande wa mama. Haiuzwi, hairithiwi na wana wa kiume, inakwenda kwa wanawake, na kaka wa mama ndiye mwangalizi wake. Mama yangu alikuwa na sehemu yake huko juu, mahali mashamba yanapokutana na msitu. Tangu aondoke ilikuwa imelala. Mwenye sehemu ya manyahuli ni mtu. Akitaka kujenga, ukoo unambebea mawe. Mabinti zake wakitaka kuolewa, wana pa kutokea. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na nilitaka kuwa mtu.

Nikamwambia mume wangu jioni.

"Nenda," akasema. "Ukipata, nitakufuata na shati langu."

"Na nikikosa?"

"Utarudi kwa mama mwenye nyumba. Amekwisha kukuzoea."

"Afadhali nijitupe baharini."

"Meli inapita hukohuko," akasema, mshenzi yule, akanicheka mpaka nikacheka.

Ikoni nilipokelewa na mama mkubwa, dada wa mama yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, msindano usoni tangu alfajiri, ule wetu wa msandali unaofanya uso kuwa wa manjano, na sauti ya kuitia meli. Alinishika kidevu akanigeuza kama anayenunua mbuzi.

"Pua ya mama yake," akasema. "Tutaona kama na akili."

Alikuwa na binti wa rika langu, dada yangu kwa hesabu ya kwetu, aliyelima sehemu inayopakana na ya mama. Huyo hakunishika popote. Alinitazama miguu.

"Hizo kandambili za Majunga zitafika juu?"

"Zimefika hapa," nikamjibu.

"Hapa ni chini, dada. Ukipotea huko tutakutafuta na nani? Wewe hata kondoo wetu hawakujui."

Jioni ile mjomba akanieleza desturi. Alikuwa mzee mwembamba, kofia nyeupe daima, neno lake la kupimwa. Mwanamke anayepokea sehemu, akasema, anautembea mpaka wake yeye mwenyewe, mbele. Mwangalizi na mashahidi wawili wanafuata nyuma. Hakuna anayesema. Hakuna anayemwongoza. Alichokiacha nje kwa kutokujua, kimebaki nje. Na akiingia kwa mwenzake akatembea humo kama kwake, amepoteza vyote, maana mtu asiyejua chake kinaishia wapi ataleta vita kila masika.

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Mara moja."

"Nani atanifundisha?"

"Mama mkubwa wako. Ndiye aliyetembea na mama yako."

Nikatazama upande wa pili wa ukumbi. Mama mkubwa alikuwa anamenya ndizi mbichi na binti yake ubavuni, magoti yamegusana. Moyo wangu ukasema: huyu? Anifundishe mpaka unaopakana na wa mtoto wake? Watu waliotolewa kwao wana ugonjwa huo. Wanamshuku hata anayewapa maji.

Tulipanda kesho yake, mimi na yeye, kulipokucha. Mama mkubwa alipanda polepole akipumua kama mvukuto na kusema njia nzima. Tukapita migomba, tukapita mipera mwitu, baridi ikaanza, ukungu ukashuka. Alianza kunionyesha. Jiwe jeusi lenye mwanya kama mdomo, hapo ndipo mwanzo. Kisha safu ya mibono iliyopandwa na bibi yake. Kisha mfenesi uliopigwa na radi. Kisha akaiacha njia, akashuka kushoto ndani ya bonde la mawe, mawe meusi ya moto yaliyomwagika zamani, makangaga yanaota kwenye nyufa, hakuna udongo wa kujaza viganja.

"Mpaka unapita hapa," akasema.

"Hapa kwenye mawe?"

"Hapa kwenye mawe."

"Na kule?" Nikaonyesha kulia. Njia pana, iliyofyekwa vizuri, ikielekea kwenye bonde jingine lenye migomba mizito, majimbi yenye majani kama ngao. Na kwenye mti wa kwanza wa njia ile palikuwa na alama. Rangi nyekundu, mstari mmoja mnene, mbichi. Kwenye jiwe mbele yake, mstari mwingine. Mbele zaidi, mwingine.

"Kule ni kwa binti yangu."

"Na ile rangi?"

"Rangi ya mashetani weupe. Usiiangalie." Akageuka, akaendelea kushuka. "Angalia hapa. Hapa unazunguka hivi, kisha..."

Lakini mimi nilikuwa nimeacha kusikia. Ngoja niwaambie kwa nini. Majunga, ukiona rangi nyekundu kwenye jiwe au kwenye pembe ya ukuta, maana yake mpimaji wa serikali amepita. Kuanzia hapa cha fulani, kuanzia pale cha fulani. Hakuna anayebishana na rangi. Nimezaliwa nikiiona, nimeona watu wakivunjiwa majiko kwa sababu yamevuka rangi. Basi nilipoiona juu ya Ikoni, akili yangu yote ikaruka: ardhi hii imekwisha kupimwa. Mpaka wa kweli ndio ule. Na mwanamke huyu ananishusha kwenye mawe ili bonde lenye migomba libaki kwa mwanawe.

 Nilitikisa kichwa kukubali kila aliponionyesha. Mpaka leo naona aibu nikikumbuka jinsi nilivyotikisa kichwa.

Siku tatu zilizofuata nilipanda peke yangu. Sikuweza kukaa. Chakula kilinishinda, mazungumzo ya barazani yalinishinda. Nilipanda na umande, nikafuata rangi kutoka mti hadi mti mpaka nikaijua kama shanga. Sikufika mwisho wake. Ukungu ulinirudisha kila mara, na mara moja nilisikia milio mbali, pa, pa, nikadhani watu wanapasua mawe. Niligusa migomba ya dada yangu moyoni mwangu kama yangu. Nikaona hata pa kupanda muhogo. Niliporudi siku ya tatu dada akanikuta mlangoni naosha miguu.

"Umejifunza?"

"Nimejifunza."

"Mama anasema ulikuwa kimya sana. Mtu anayejifunza huuliza."

"Sisi wa Majunga tunajifunza kwa macho."

"Haya," akasema. "Macho hayo hayo yasije yakalia."

Niweke neno hapa kuhusu mjukuu wangu. Siku hizi wao nao wamepaka rangi kwenye miti, ili wageni wasipotee. Nilimwambia: paka, lakini kila unapopaka mfundishe mtu mti wenyewe. Ananisikiliza. Anawasimamisha wale watu wenye chupa zao, anawaambia huu mpera, hili kangaga, lile jiwe lina mdomo, utadhani mwalimu. Na yeye shule alimaliza yote, si kama bibi yake.

Siku yenyewe ilikuwa siku kavu. Mjomba alikuja na fimbo na wazee wawili wa msikitini, mama mkubwa na binti yake nyuma yao. Nilikuwa nimevaa leso mpya aliyoninunulia mume wangu bandarini kabla sijapanda meli. Mjomba akasoma Fatiha kwenye jiwe la mdomo, akaninyooshea mkono. Nenda.

Nikaenda. Nilitembea kichwa juu. Mibono, sawa. Mfenesi, sawa. Nyuma yangu nikisikia fimbo ya mjomba na pumzi za mama mkubwa. Nikafika njia panda. Kushoto mawe, kulia rangi.

Nikageuka kulia.

Mama mkubwa akakohoa. Kikohozi kikubwa, cha mtu mzima kabisa. Nikasema moyoni, kohoa mama, kohoa, leo hunipati. Nikapita mti wa kwanza, jiwe la pili. Nikaingia kwenye migomba ya dada yangu kama bibi harusi. Hata niliuweka mkono kwenye mgomba mmoja, ndivyo ilivyo desturi kwa kilicho chako, na nyuma nikasikia dada yangu akivuta pumzi kama aliyechomwa na moto. Hakusema. Hakuna anayesema. Nikaendelea, alama kwa alama, njia ikapanda, ikapanda zaidi ya pale nilipowahi kufika, ikatoka ghafla kwenye uwanda uliofyekwa.

Mbele yangu palikuwa pamesimamishwa mabati matano yenye matundu matundu. Kando yake kopo la rangi nyekundu na brashi juu yake. Na watu wenye nguo nyeusi wakaruka kutoka kwenye majani, bunduki mikononi, wakipiga kelele.

Sijui lugha waliyopigia kelele. Bunduki inaeleweka. Tulikalishwa chini sote, mikono kichwani. Wazee wa msikitini. Mama mkubwa na msindano wake, umeanza kutiririka kwa jasho. Mjomba wangu, mwangalizi wa ukoo, kofia yake imeanguka kwenye matope na hathubutu kuiokota. Wazungu walikuwa wawili, wengine watu wetu. Mzungu mmoja mwenye shingo nyekundu akaja karibu, akauliza kitu kwa Kifaransa. Mmoja wa askari wetu akamjibu, kisha akatugeukia, na nilipomsikia tu nikajua: mtoto wa Mutsamudu. Lafudhi yote ya vichochoro vile. Wa Ikoni walikuwa wanasikia nusu. Mimi nilisikia yote.

"Mmetoka wapi? Nani amewatuma?"

"Mwanangu, mimi ni jirani yenu," nikasema kwa maneno ya kwao. "Nakaa karibu na mto. Hatukutumwa. Huyu mzee ni mjomba wangu. Tunatembea mpaka wa shamba."

Akashangaa. "Mpaka wa shamba unafika hapa?"

"Tumefuata alama."

"Alama zipi?"

"Hizi nyekundu. Za serikali. Za kupimia."

Akanitazama. Kisha uso ukampasuka. Akamgeukia mzungu akamweleza, na mzungu akacheka, akamwita mwenzake amweleze, wakacheka wote wawili na bunduki zikicheza mabegani. Yule kijana alicheka akajizuia, kwa kuwa wazee walikuwa chini.

"Mama," akaniambia taratibu, "hizi tumepaka sisi wenyewe. Tunakimbia nazo asubuhi tukiwa na mawe kwenye mifuko, ili tusipotee kwenye ukungu. Zinaishia hapa kwa sababu hapa ndipo tunapopiga shabaha. Hazipimi kitu."

Mjomba, mikono kichwani, akaniuliza: "Anasema nini?"

Naandika polepole hapa. Hakuna mwingine aliyeelewa maneno yote. Ningeweza kusema, anasema serikali imebadilisha mpaka. Ningeweza kusema, anasema alama ni za kupimia kweli, sisi tumekosea siku tu. Mbele ya bunduki, nani angemhoji yule kijana? Bonde lenye migomba lingekuwa langu mpaka leo, na mabinti zangu wangepata nyumba mapema zaidi. Nilimwona dada yangu. Alikuwa ananitazama, si kwa chuki. Kwa hofu, kama mtu anayesubiri kusikia nini kimechukuliwa.

Nikasema: "Anasema rangi ni yao. Ni njia yao ya kukimbilia. Mimi ndiye niliyeifuata, mjomba. Nilidhani mama mkubwa ananidanganya, nikaifuata rangi."

 Mzungu akapunga mkono, tuondoke. Yule kijana wa Mutsamudu akaiokota kofia ya mjomba, akaipangusa kwenye suruali yake nyeusi, akampa kwa mikono miwili.

Kushuka kulikuwa kurefu kuliko kupanda. Mjomba mbele sasa, mimi mwisho, mahali pangu. Nilikuwa nimekwisha kuirudia meli kichwani. Nilikuwa nimekwisha kuisikia sauti ya mwenye nyumba. Miguu haikutaka kukaa. Kama ingeachiwa ingekimbia mpaka baharini. Tukafika njia panda.

Mjomba akasimama. "Umetembea," akasema. "Tumeona."

Ndivyo inavyosemwa likiisha, na langu lilikuwa limeisha kwa kupoteza vyote. Mashahidi wakainamisha vichwa.

"Hajatembea," mama mkubwa akasema.

"Mama, nyamaza," binti yake akamnong'oneza.

"Sinyamazi, nimekalishwa kwenye matope uzee huu halafu ninyamaze? Desturi inasema mtu asiongozwe. Huyu ameongozwa. Kuanzia hapa mpaka kule kwenye mabati, aliyetembea ni mzungu, yeye amefuata mkia. Mzungu si wa ukoo wetu. Kama mzungu amepotea kwenye shamba la binti yangu, hilo ni lake na Mungu wake. Huyu mtoto bado hajatembea hata hatua."

Mzee mmoja wa msikitini akakuna ndevu. Mwingine akasema kweli, aliyeongozwa hahesabiwi. Mjomba akanigeukia, kofia yake ina doa la matope juu ya sikio.

"Sasa hivi," akasema. "Si kesho. Kesho utakuwa umefundishwa tena."

Nikageuka kushoto, nikashuka kwenye mawe.

Nilikuwa nimepita pale mara moja tu, nikitikisa kichwa. Sasa niliita kila kitu alichosema yule mwanamke, neno kwa neno, na kilikuja kipande kipande. Hapa alishika kiuno. Hapa alitukana jiwe. Hapa aliniambia zunguka hivi. Nilizunguka hivyo. Kangaga kubwa, lililochipuka mara mbili. Nyufa mbili zinazokutana. Ngozi ya nyayo zangu ilichanika, damu ikabaki kwenye mawe, na nyuma yangu fimbo ya mjomba ilisema tk, tk, haikusimama, kwa hiyo nilijua sijakosea. Nikaja mpaka mwisho wa mawe, mahali ardhi inapofunguka tena kidogo, na hapo sikukumbuka kitu. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kumsikiliza siku ile.

Palikuwa na mshelisheli, mkubwa, umezaa. Mpaka unapita upande gani wake? Nikipita upande wake wa chini, unabaki kwa dada yangu. Nikipita juu yake, ni wangu, pamoja na kipande cha udongo mweusi unaonukia. Nilisimama. Sikujua. Wallahi sikujua. Lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika mgomba wa mwenzangu siku hiyohiyo, nikasema basi, afadhali nikose. Nikaelekea chini.

"Siyo huko!"

Sote tukaganda. Ilikuwa sauti ya dada yangu. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso, macho yamemtoka, kisha akaona limekwisha kutoka, akaliachia lote: "Pita juu, wewe! Mshelisheli ni wa mama yako. Usijifanye mtakatifu saa hii, umenichosha."

Mjomba alikuwa ameinama anachomoa mwiba kwenye kandambili. Alichukua muda na ule mwiba. Alipoinuka akauliza, bila kumtazama mtu:

"Nani amesema?"

"Ndege," mama mkubwa akajibu.

Mashahidi wakatazamana. Mjomba akainua uso, akautazama mshelisheli tawi kwa tawi, kwa utulivu, kama mtu anayemtafuta ndege huyo kwa haki. Kisha akaninyooshea fimbo, nipite juu.

Nikapita juu. Nikaweka kiganja kwenye gamba la mti. Utomvu ukanata mkononi, nami sikuupangusa mpaka tulipofika chini kwenye nyumba za watu.